Ukirudia mbio baada ya miaka 20, pumzi itarudi kabla ya miguu

Ndugu yetu wa Donholm, hapa Nairobi, ameuliza hivi: ana miaka 46, alikimbia mbio za nyika shuleni, akaacha alipoanza kazi, na sasa kliniki wamemwambia presha inapanda. Jumamosi alitoka akakimbia kilomita 5 bila kusimama, na tangu hapo anashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mashavu ya miguu yanamuuma. Anataka kujua kama umri umempita au akaze tu.

Kaka, umri haujakupita. Ila hilo la kukaza liweke kando kwanza. Mimi nina miaka 51, naishi Umoja. Nilikimbia mita 3,000 shuleni, nikaacha nilipopata kifungua mimba wangu, na nilipoanza tena nilikuwa nimevuka 40. Tangu hapo tumekuwa na kikundi kidogo cha mtaani, wengi wetu wa rika hilo, na wanaoumia karibu wote huumia kwa njia moja.

Njia yenyewe ni hii. Moyo na damu hujibu upesi. Ukikimbia mara 3 kwa juma, baada ya majuma machache kilima kilichokuwa kinakukata pumzi utakipanda huku unaongea. Misuli nayo inafuata. Kano na mifupa ndizo hujivuta, hizo zinahesabu miezi. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, na mfupa ukibebeshwa mzigo mpya huanza kwa kumomonyoa sehemu yake ya zamani kabla ya kujenga nyingine imara zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi hapo katikati ambapo umejidhoofisha bila kujua. Sasa tazama kinachotokea: mwezi wa pili pumzi imerudi, mtu amechangamka, anaongeza kilomita, anaongeza kasi, anaalikwa msitu wa Karura Jumapili. Ndipo ugoko unaanza kuuma, au anaamka asubuhi kano ya kisigino imekauka kama kamba mpya ya mkonge.

Na aliyekimbia shuleni ndiye ninayemhofia zaidi. Jirani yangu mmoja, muuza mboga, hakuwahi kukimbia isipokuwa kukimbilia matatu. Alianza kwa kutembea, hata kujiita mkimbiaji aliona haya, na mpaka leo hajaumia. Mwenzetu mwingine, aliyevaa jezi ya mkoa enzi hizo, alitaka mwendo wake umsubiri palepale alipouacha. Huyo kila mara yuko kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kichwa chake kinaijua kasi, miguu yake haiijui tena, na kichwa ndicho kinachotoa amri.

Kwa hiyo juma hili usikimbie. Tembea tu, mpaka ushuke ngazi ukitazama mbele kama watu wengine. Maumivu hayo ya misuli pande zote mbili, yanayozidi siku ya pili kisha yanapungua, ni ya kawaida. Ukiona ni mguu mmoja tu, shavu limevimba, lina joto na linauma hata ukikaa, hiyo si habari ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana damu huweza kuganda kwenye mshipa.

Ukishapona, tembea dakika 5, halafu kimbia dakika 1 na utembee 2, urudie mpaka nusu saa iishe. Siku 3 kwa juma, usizifuatanishe. Sahau kilomita, hesabu dakika. Kilomita zinakukumbusha muda wako wa shule na utaanza kujipima nao, lakini dakika hazina kumbukumbu. Mpango maarufu wa Couch to 5K unamfikisha mtu dakika 30 za kukimbia mfululizo kwa majuma 9. Ni mpango mzuri, ila kwa watu wa umri wetu mimi nasema kila juma lirudiwe mpaka liwe jepesi, hata kama itachukua miezi 4 au 5.

Kasi ni ile unayoweza kutamka sentensi nzima bila kuhema. Mimi nikiwa peke yangu husali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Ikikatika kabla ya mkate wetu wa kila siku, najua nimejisahau, napunguza. Wengine hutumia saa ya mkononi na ile hesabu ya 220 ukitoa umri, ambayo kwako inakupa mapigo 174 kwa dakika kuwa ndiyo kikomo. Hesabu hiyo ni ya wastani tu, mtu na mtu hutofautiana sana, na kama utapewa dawa za presha za kundi la beta bloka zitayashusha mapigo yenyewe, saa ikudanganye kabisa. Sentensi haidanganyi.

Watu hudhani wenzetu wa Iten, mji wa wakimbiaji, hutimua mbio kila siku. Ukiwatazama asubuhi ya siku nyepesi, wanaanza taratibu mno, kana kwamba wanatafuta kitu barabarani, na wewe hapo ungekwenda nao kipande kizuri tu kabla hawajachangamka. Kama bingwa wa dunia haoni aibu kuanza hivyo, sisi wa Eastlands tunamwonea nani aibu?

Utachekwa, ndiyo. Makanga atakuitia "Kipchoge!" akiwa ananing'inia mlangoni. Mimi nimeulizwa na vijana wa boda kama mathe anakimbizwa na polisi. Baada ya muda wanakuzoea, na usipoonekana siku mbili wanauliza ulikuwa wapi. Faida yake ni kwamba wanakujua, na ukitoka alfajiri kujulikana ni ulinzi. Hata hivyo usitoke saa kumi na moja kukiwa giza. Subiri kupambazuke, simu kubwa iache nyumbani, na uwe umerudi kabla msongamano haujaanza kumwaga moshi wa dizeli.

Mahali pa kukimbilia, kwenu pana uzuri wake. Jiji hili linainama kutoka magharibi kwenda mashariki, Dagoretti iko juu, Embakasi iko chini na ni tambarare, kwa hiyo huna vilima vya kukuua mapema. Njia ya waenda kwa miguu kando ya Outer Ring Road inafaa asubuhi na mapema, japo pikipiki nazo huifanya yao, na saruji ni ngumu kwa magoti ya siku nyingi. Uwanja wa Jacaranda ni mzuri wakati wa kiangazi tu. Mvua ya masika ikianza, Machi hadi Mei, ule udongo wetu mweusi hunata mpaka kila raba inakuwa na uzito wa tofali, na mguu ukiteleza huku umenaswa ni goti linalolipa. Wakati huo rudi kwenye lami. Karura iweke kwa Jumapili moja moja ukishazoea: njia za udongo mwekundu, kivuli, hekta zaidi ya 1,000 ambazo Wangari Maathai alizipigania zisigawanywe mwishoni mwa miaka ya 1990. Langoni kuna ada, na ndani kuna miteremko inayokula misuli ya mapaja kuliko unavyodhani. Kupanda kunakuchosha papo hapo, lakini kuteremka ndiko kutakakokudai kesho yake.

Tena kumbuka Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Kama umetoka likizo Mombasa ukahisi pumzi fupi, usidhani umerudi nyuma, hewa ya huku ni nyepesi.

Raba. Huhitaji za bei ya kodi ya nyumba. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi zimo nzuri, ila usinunue kwa sura. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, aliyeivaa kabla yako ameshaipinda kwa mwendo wake. Bonyeza sifongo ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi, imekufa hata kama soli ya chini inang'aa, na wauzaji wanajua sana kuosha. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole kubwa, kisha zikimbize hatua chache hapohapo sokoni. Muuzaji atacheka, lakini atakuruhusu.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko raba: ngazi za ploti. Simama ukingoni mwa kipandio kwa vidole vya miguu, inua visigino kwa miguu yote miwili, hamishia uzito mguu mmoja, shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya kipandio. Mara 15, pumzika, urudie mpaka seti 3, goti likiwa limenyooka. Kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Zoezi hili lilienea baada ya Håkan Alfredson, daktari wa Uswidi, kuchapisha mwaka 1998 matokeo ya wakimbiaji wa umri wa makamo waliokuwa na maumivu ya kano ya kisigino. Yeye aliwafanyisha mara mbili kwa siku kwa majuma 12. Wewe ambaye hujaumia, mara 3 kwa juma zinatosha, na ongeza kuchuchumaa na kuinuka kutoka kwenye kiti bila kushika kitu. Kikundi chetu kilipoanza kufanya hivi pale kwenye ngazi za ghorofa yetu, watoto wakitushangaa, malalamiko ya visigino yalipungua sana.

Kuhusu presha yenyewe. Kama vipimo vinarudi 140 kwa 90 au zaidi, muulize daktari wako waziwazi: "Nataka kukimbia, naruhusiwa?" Wengi huruhusiwa kuanza taratibu, na mazoezi ya aina hii husaidia kuishusha. Ila kifua kikibana, ukipata kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo ukidunda ovyo, simama, usijifanye mwanaume. Na kama baba au ndugu yako alikufa ghafla kwa moyo kabla ya uzee, hilo mwambie daktari hata asipokuuliza.

Kitambi usikitarajie kiondoke kwa mbio peke yake. Nusu saa ya kukimbia polepole inafutwa na chapati mbili, nami chapati sijaziacha.

Akina mama mnaosoma kimya kimya: mkojo kuchuruzika mnapokimbia baada ya kuzaa au hedhi inapokoma ni jambo la wengi, na lina tiba. Kubana misuli ile mnayoitumia kuzuia mkojo, kila siku, kwa miezi kadhaa, husaidia wengi, na wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaoshughulikia hilo tu. Sidiria ya michezo inunueni mpya. Na mifupa yetu hupungua uzito baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo huku kugonga ardhi kwa kiasi, pamoja na kubeba vitu vizito, kunaisaidia.

Umri una kodi yake, siwezi kukudanganya. Kupona kunachukua muda mrefu, na siku ya mapumziko si hiari tena. Lakini Edna Kiplagat, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, alimaliza wa tatu Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Mwili wake si wangu wala wako, najua. Nimemtaja kwa sababu kila mara huwa kuna mtu hapa anayesema kwamba baada ya 40 magoti yamekwisha.

Ukitaka shabaha ya kukutoa kitandani, Nairobi huwa na marathoni yake kubwa mwishoni mwa Oktoba, na ndani yake kuna mbio za kilomita 10. Jiandikishe hizo, usiguse kilomita 21 mwaka huu. Siku ya mbio jipange nyuma kabisa, karibu na wanaotembea, maana walio mbele yako watatoka kwa kasi na kichwa chako cha shule kitataka kuwafuata.