Kwanza uliza maji

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mgeni anakuja kwa mara ya kwanza katika mji wa pwani unaoujua, ana siku nne, na kinachomvuta ni maji, utampangiaje safari? Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi Bandari ya Kale, na kila Disemba nyumba yetu hugeuka musafirkhana ya jamaa wa bara. Swali hili basi nimelijibu mara nyingi, na mara nyingi nimelijibu vibaya.

Kosa langu lilikuwa kuanza na hoteli. Mgeni hupiga simu akauliza hoteli, nami nikamjibu hoteli. Tukishamaliza hapo ndipo tunakumbuka boti. Siku hizi akipiga namuuliza: unakuja mwezi ngapi? Hunijibu tarehe ishirini. Namwambia kalenda ya ukutani sina haja nayo, nauliza mwezi wa juu.

Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Kaskazini liko hori la Tudor. Linaingilia baina ya Fort Jesus na upande wa Nyali, linapita mbele ya Mji wa Kale, linapenya chini ya Daraja la Nyali, kisha linapanuka na kupotelea mikokoni kuelekea Jomvu. Kusini iko Kilindini, na jina lenyewe linajieleza: pana kilindi, ndiyo maana meli kubwa huingilia huko. Ukizidi ndani unafika Port Reitz. Nyuma ya kisiwa, pale Makupa, tuta la barabara lilikuwa limeziba maji kwa miaka mingi, hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022 na maji yakapata njia tena. Yote haya hayatulii hata siku moja. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mara mbili kila usiku na mchana. Mtu wa bara akisikia "maji yakijaa hupwa" hudhani ni methali. Kwetu ni ratiba.

Niliijua ratiba hiyo tangu utotoni na bado nikaisahau. Dada yangu aliolewa Eldoret. Mwaka mmoja shemeji alikuja na watoto watatu, nami kwa furaha ya wageni nikapanga matembezi ya boti horini asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Usiku wake tulikaa barazani tukiusifu mwezi ulivyokuwa mpevu. Tukausifu tu, hakuna aliyeuliza una maana gani. Kijana wa boti alitaka hela zake, naye hakusema neno. Tukaondoka saa moja na nusu. Tulipofika mikokoni, saa tatu kasorobo, mashine ikaanza kukoroga tope, boti ikasita, ikakaa. Kijana akashuka kusukuma, akazama hadi magotini. Shemeji naye akashuka kumsaidia, na kiatu chake kimoja kimo humo hadi leo. Tulibaki hapo mpaka saa tano na robo, jua utosini na mbu miguuni, na yule mtoto mdogo akiuliza kila dakika kama bahari itarudi. Mama mmoja aliyekuwa akipita topeni na ndoo yake ya chaza alitutazama, akanicheka kwa adabu: "Mwanangu, nawe ni mtu wa hapa? Hukutazama maji?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi, wavuvi huibeba kichwani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hudumu siku mbili tatu baada ya hapo. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu anajua bila kutazama juu: kuanzia tarehe mosi, na tena kuanzia kumi na tano. Siku hizo Mombasa maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zimegeuka, yanajaa asubuhi na kupwa alasiri. Asiyetaka kuhesabu atafute jedwali la maji la Kilindini kwenye simu.

Kwa mgeni wa siku nne mimi nachagua bamvua. Asubuhi maji yakipwa, aende kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, upande wa Nyali na Bamburi, kwa boti ya kioo chini. Wakati huo mwamba uko karibu na macho, na mafungu ya mchanga yamejitokeza. Jioni ya siku hiyo hiyo maji yakijaa, aingie horini. Vitu viwili kwa siku moja, na mchana katikati wa kula na kulala. Akija siku za maji mafu atapata bahari ya kuogelea asubuhi pale ufuoni, jambo zuri pia, ila kwa hilo hakuhitaji kuniuliza. Nimewaona wageni waliofika ufuo wa Jomo Kenyatta saa nne ya bamvua wakiwa na taulo begani, wakasimama wameduwaa kama watu walioachwa na basi.

Baada ya mwezi, upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na hapo bahari huwa tulivu na maangavu, ingawa joto humtoa mtu jasho akiwa amekaa tu. Aprili na Mei ni mvua za mwaka, msimshauri mtu. Kusi hushika Juni hadi Septemba: hewa ya kupendeza, bahari imechafuka nje ya mwamba, mwani umejaa ufuoni. Lakini horini kisiwa kinakinga, na wengi hawalijui hilo. Nimewahi kumpeleka mgeni Julai, nje kunanguruma na ndani maji yametandikwa kama shuka. Chaguo langu hasa ni Februari. Watu wa Krismasi wamesharudi kwao, bei zimeshuka, na kaskazi bado ipo. Atazame tu kama Ramadhani imeangukia hapo. Usiku wa Ramadhani Mji wa Kale hunoga kuliko wakati wowote mwingine, ila mchana mikahawa mingi hufungwa, na nahodha aliyefunga hatakupeleka mbali jioni. Anawahi futari.

Siku ya kwanza asipande boti. Aende Fort Jesus, na akishalipa tiketi asisimame kwenye vibao vya mlangoni. Apande moja kwa moja hadi ukuta wa upande wa bahari, atazame mlango wa hori ulivyo mwembamba. Hapo ndipo ataelewa kwa nini Wareno walijenga mahali hapa baina ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati: anayekaa juu ya ukuta huu ndiye anayeamua chombo gani kiingie. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698. Katikati ya mzingiro, mwaka 1697, meli ya Kireno Santo António de Tanna iliyokuja kusaidia ilizama hapo chini, karibu na ukuta wenyewe. Wapiga mbizi waliichimbua katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimo katika makumbusho ya ndani. Mimi kila nikipita kwa boti mahali pale huwaza kwamba tunaelea juu ya kaburi la meli.

Kutoka hapo atembee Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale taratibu, amevaa nguo za heshima, akisalimia, na akitaka kumpiga mtu picha amwombe kwanza. Aone Msikiti wa Mandhry, ambao ni wa tangu 1570, na anywe kahawa tungu kwa kashata. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu, kisha akaelekea Kilwa. Aliandika juu ya ndizi, ndimu, samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Horini hakusema kama aliingia. Usiku mmoja hautoshi.

Siku ya pili au ya tatu ndiyo ya hori. Aondoke saa tisa alasiri, arudi kabla ya magharibi. Mwanzoni ataona nyumba za Mji wa Kale kwa mgongo wake, upande ambao wenyewe tunautumia kuanikia nguo, na naupenda zaidi kuliko mbele. Ng'ambo, upande wa bara, kuko Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani; kengele yao bado ipo, na ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Halafu Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980. Wazee wetu hawakulikuta hilo, walivuka daraja lililoelea juu ya maji, tangu 1931. Baada ya daraja kelele za mji hukatika ghafla. Mwambie nahodha azime mashine pale mikoko inapoanza. Ataona yangeyange wakirudi kulala, ataona mizizi imezama na matawi yanagusa maji, na ikiwa ana bahati atapita mvuvi kwa mtumbwi akisukuma kwa upondo. Wala nisifiche, ataona pia mifuko ya plastiki. Hori linapokea taka za mji, na mgeni ana haki ya kujua hivyo kabla hajalipa.

Juu ya malipo: apatane kabla ya mguu kuingia botini, bei iwe ya chombo kizima na si ya kichwa, na iwe ya kwenda na kurudi. Atoe nusu, nusu aibakishe hadi wakirudi gatini. Ahesabu jaketi za kuokolea, na kama watu ni sita na jaketi ni nne, boti hiyo si yake. Kisha amuulize nahodha swali moja: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Anayejibu papo hapo ndiye wa kwenda naye. Anayetazama simu, sawa pia. Anayesema "hakuna matata" aachwe.

Safari ya maji ninayoipenda kuliko zote mgeni hatalipa hata shilingi. Ni feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu hatozwi. Aepuke asubuhi watu wanapokimbilia kazini na jioni wanaporudi, aje mchana kweupe, avuke Kilindini na kurudi. Atasimama bega kwa bega na wauza samaki, wanafunzi, na mikokoteni ya nazi. Na meli ya makontena ikitaka kupita, feri husubiri kama mtoto anayempisha mzee njiani. Simu aiweke mfukoni, walinzi hawapendi picha. Na akisikia watu wazima wakinyamaza likitajwa jina la Mtongwe, ni kwa sababu ya feri iliyopinduka kwenye kivuko cha pale tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272. Hakuna familia ya kusini isiyoijua habari hiyo. Akirudi kisiwani atembee hadi bustani ya Mama Ngina, akae chini ya mibuyu na muhogo wake wa kukaanga wa ndimu na pilipili, atazame meli zikiingia alikokuwa amesimama saa moja iliyopita.

Siku ya nne atoke mjini. Mtwapa ni karibu, na magofu ya Jumba la Mtwana yako pale pale juu ya bahari. Lakini ningempeleka Gazi, kilomita kama hamsini na tano kusini, ambako kina mama wa kijiji wana daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko na hupika samaki wa nazi kwa wageni wanaoagiza mapema. Watu wa Gazi na Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 huuza hati za hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, na fedha huenda kwenye maji na shule. Huko tope haligombwi na mtu. Shemeji nilimpeleka safari iliyofuata, amevaa ndara.

Sasa hoteli, kwa kuwa najua mtaniuliza. Anayetaka ufuo alale Nyali au Bamburi. Anayetaka hori alale Mji wa Kale, ghorofani, dirisha lielekee maji. Popote atakapolala amuulize mwenye nyumba maji ya mfereji huja siku gani na kama ana tangi la kutosha. Tumezungukwa na bahari pande zote, lakini ya kuoga mara nyingi huletwa na mkokoteni, kwa mitungi ya lita ishirini.