Nibu ya dhahabu iliyopinda baada ya kalamu kuanguka: je, inatengenezeka?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa mjini. Nina kalamu ya wino ya Parker niliyorithi kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa karani katika mashamba ya chai kule Mufindi. Kiwiliwili chake ni cheusi, kifuniko ni cha chuma cheupe chenye kishikizo cha umbo la mshale, na nibu yake imefichwa ndani, inachungulia ncha tu. Ukiifungua nyuma unakuta ala ya chuma yenye kipande cha kubonyeza ili ivute wino. Hivi karibuni iliniponyoka ikiwa wazi, ikatua kwa ncha kwenye sakafu ya saruji. Mwenzangu ofisini alijaribu kuinyoosha kwa plaizi, na tangu hapo inakwaruza karatasi, inaandika maneno mawili matatu kisha inakata wino. Mmoja amenishauri niiloweke kwenye maji ya moto au spiriti, mwingine ameniambia nitafute nibu mpya. Je, inatengenezeka, tena hapa hapa nchini? Jambo la pili: hata kabla haijaanguka, kila niliporudi kutoka Dar es Salaam nilikuta wino umevujia ndani ya kifuniko. Je, ilikuwa na ubovu mwingine?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Kwa maelezo uliyoyatoa, naamini kalamu hiyo inatengenezeka, ila nakuomba kwanza usiiguse tena kwa chombo chochote, usiiandikie hata neno moja kwa kujaribu, na usiiloweke kwenye maji ya moto wala spiriti. Katika kazi yangu ya saa na kalamu hapa Mbeya, kalamu nyingi zinazonifikia zikiwa na hali mbaya hazikuharibiwa na kuanguka kwenyewe, bali zimeharibiwa na mikono ya watu waliotaka kusaidia baada ya kuanguka.

Kalamu unayoieleza ni Parker 51, na kwa kuwa ina ala ya chuma yenye kipande cha kubonyeza, ni ya toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1948. Kalamu za 51 zilianza kuuzwa mwaka 1941 zikiwa na namna nyingine ya kuvuta wino, ambayo ina kitufe mwishoni na utando wa mpira ndani unaooza kwa umri. Ya kwako ina mfuko wa plastiki angavu unaodumu miongo mingi, kwa hiyo upande huo sina wasiwasi nao. Kiwiliwili ni cha akriliki, plastiki ngumu iliyojulikana kwa jina la Lucite, na nibu kwa kawaida ni ya dhahabu ya karati 14, maana yake sehemu 14 kati ya 24 ni dhahabu na zilizobaki ni madini mengine yanayoipa ugumu na unyumbufu. Hata hivyo, dhahabu ya namna hiyo bado ni laini mno mbele ya meno ya plaizi.

Ni vyema uelewe kwa nini wino unakata, kwa sababu ukishalielewa hilo utajua pia kazi inayotakiwa. Nibu imepasuliwa katikati kwa mwanya mwembamba sana, na kila upande wa mwanya huo tunauita jino. Wino hauteremki kwa uzito wake tu. Unavutwa na wembamba wa mwanya wenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kwa sababu hiyo mwanya hutengenezwa ukizidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia ncha, ili wino uvutwe mpaka mahali unapokutana na karatasi. Kalamu ikitua kwa ncha, meno hayo huachana, au moja hupanda na jingine likashuka. Mwanya ukishakuwa mpana nchani kuliko nyuma yake, wino hukomea pale penye wembamba na haufiki kwenye karatasi. Maneno mawili matatu unayoyapata ni ya wino uliokuwa umeshatangulia mbele, na mkwaruzo unaousikia ni ukingo wa ndani wa jino lililoshuka, unaolima karatasi kila mkono unapokwenda upande mmoja.

Sasa tafuta lenzi ya kukuzia. Fundi saa yeyote wa mjini anayo, na hatakunyima kuitumia kwa dakika chache. Simama penye mwanga wa dirisha, igeuze kalamu ncha ikutazame, kisha angalia mwisho kabisa wa nibu. Utaona chembe ndogo yenye rangi ya kijivu, tofauti na manjano ya dhahabu, iliyogawanywa na mwanya kuwa nusu mbili. Chembe hiyo ndiyo inayogusa karatasi. Ni ya mchanganyiko wa metali ngumu sana za jamii ya osmiamu, iridiamu na ruteniamu, na imeunganishwa kwenye dhahabu kwa sababu dhahabu peke yake ingelika upesi kwa kuandika. Nusu zote mbili zikiwapo, hata kama moja imepanda juu ya nyingine, shukuru Mungu, maana nibu ya baba yako inaweza kurudi kuandika. Nusu moja ikiwa imeng'oka, hakuna fundi ninayemfahamu nchini anayeweza kuunganisha nyingine. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wachache wa Uingereza na Marekani, na gharama yake ni kubwa. Angalia pia kama kuna ufa unaotoka pembeni ya mwanya kwenda kwenye mwili wa nibu, ingawa katika 51 sehemu kubwa imefunikwa na huenda usiuone mpaka ifunguliwe.

Kuhusu ushauri uliopewa, spiriti ni hatari kwa sababu mbili. Inaweza kuipasua akriliki nyufa ndogondogo ambazo hazifutiki, na inayeyusha shelaki, gundi ya asili ambayo hufungia ile pua nyeusi inayofunika nibu. Maji ya moto nayo huilegeza gundi hiyo bila mpangilio, na yakizidi huupinda mwili wa kalamu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni mbaya kuliko vyote: inaiyeyusha akriliki yenyewe. Usikubali pia mtu aiunganishe sehemu yoyote kwa gundi ya kukauka papo hapo, kwa maana gundi hiyo ikiingia kwenye njia za wino, sehemu hizo huenda zisifunguke tena bila kuvunjika.

Usafishaji ndio kazi pekee ambayo nakuruhusu uifanye mwenyewe nyumbani. Mwaga wino uliomo. Weka maji safi ya baridi kwenye glasi, yaliyochemshwa yakapoa na kuchujwa, kisha zamisha ncha bila kuigusisha chini ya glasi, bonyeza na kuachia kile kipande cha ala mara kadhaa, mwaga, na urudie kwa maji mengine. Nyuma ya nibu, ndani ya ile pua, kuna kipande chenye mapezi mengi membamba yaliyopangwa kwa karibu, na kazi yake ni kushika wino unaozidi ili usidondoke. Hapo ndipo wino wa miaka unapoganda, hasa huku kwetu nyanda za juu, ambako kuanzia Juni hewa inakuwa kavu na kalamu iliyoachwa na wino bila kuandikiwa hukauka upesi. Utashangaa kuona maji yanatoka na rangi hata baada ya kudhani umemaliza. Acha ncha ikiwa imezama usiku kucha, uendelee asubuhi, mpaka maji yatoke meupe. Kisha izungushie kipande cha kitambaa cha pamba, isimamishe kwenye kikombe ncha ikiwa chini, na uiache ijikaushe.

Kunyoosha kwenyewe ni kazi ya fundi, na katika 51 kunahitaji uvumilivu kuliko kalamu nyingine, kwa kuwa nibu haiwezi kushughulikiwa sawasawa mpaka pua itolewe. Pua hiyo hupashwa moto kidogo kwa hewa ya mashine ya kukaushia nywele, huku kalamu ikizungushwa bila kusimama, mpaka shelaki ilegee, kisha hufunguliwa kwa vidole vilivyoshika kipande cha mpira. Shelaki hulainika kabla akriliki haijaanza kulegea, lakini nafasi kati ya hatua hizo mbili si kubwa, na ndiyo maana fundi mwenye haraka huirudisha kalamu ikiwa na pua iliyopinda. Ndani utaona nibu ya 51 ilivyo ya pekee: ni kijibomba kidogo cha dhahabu kilichochongwa kuelekea ncha, na huvutwa nje bila kulazimishwa. Fundi huiweka juu ya kijiti cha chuma kinacholingana na mviringo wake, kisha huusugua upinde taratibu kwa chuma laini kilichong'arishwa, akitazama kwenye lenzi kila baada ya msuguo. Dhahabu kila inapopindwa na kurudishwa huzidi kuwa ngumu, na ikipindwa mara nyingi hupasuka. Kwa sababu hiyo kupinda kwa plaizi kumekwishakula sehemu ya uhai wa nibu yako, na fundi atakayeishika hana nafasi ya kujaribu-jaribu.

Meno yakishalingana, hupitishwa bati jembamba sana la shaba kwenye mwanya ili kuondoa takataka na kuupima upana wake. Alama za meno ya plaizi zinaweza kupunguzwa, lakini zikiwa zimezama sana ni afadhali zibaki kuliko kuikwangua dhahabu ikawa nyembamba. Mwisho ncha hulainishwa kwa karatasi ya kung'arishia iliyo laini kabisa, kwa mizunguko michache tu. Msasa wa kawaida usikaribie hapo. Chembe ile haifiki hata milimita moja, na ikishaliwa imeliwa.

Nakusihi usikubali kuanza na nibu mpya. Nibu za 51 zilizotoka kwenye kalamu mbovu zinapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya kalamu za zamani, na kama ya kwako itakutwa imepasuka, nitakushauri hivyo bila kusita. Lakini nibu iliyoandika barua na vitabu vya hesabu vya baba yako kwa miaka ilikwishachukua mwelekeo wa mkono wake, na hakuna duka linalouza hiyo. Hata ikibadilishwa, idai ile ya zamani uihifadhi.

Kazi hii inaweza kufanyika hapa nchini kwa fundi saa aliyewahi kufungua kalamu za aina hii. Kabla hujamkabidhi, muulize ataitoaje pua. Akikujibu kwamba ataishika kwa plaizi, au ataipasha kwa kiberiti, chukua kalamu yako uondoke. Baadhi ya kalamu za zamani zaidi ni za seluloidi, ambayo hushika moto mara moja, na anayezoea kutumia kiberiti siku moja ataiteketeza ya mtu. Mwombe pia akuonyeshe nibu chini ya lenzi kabla ya kutaja bei, ili mkubaliane juu ya kile mnachokiona wote wawili.

Kuhusu wino kuvuja ukitoka Dar es Salaam, kalamu yako haikuwa na ubovu. Dar es Salaam ipo usawa wa bahari na Iringa mjini ipo zaidi ya mita 1,500 juu yake, kwa hiyo kanieneo ya hewa huku kwetu ni pungufu kwa takribani asilimia 15. Kalamu iliyofungwa kule ikiwa na wino nusu na hewa nusu hupanda na hewa ile ya pwani ndani yake. Basi likishapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga, hewa ya nje inapungua nguvu upesi, ya ndani inatanuka, na kinachopata njia ya kutoka ni wino. Mapezi niliyoyataja hushika kiasi fulani, lakini kalamu iliyolala ndani ya mkoba na yenye hewa nyingi huyashinda. Safari ijayo ijaze wino mpaka ishibe, ili hewa ibaki kidogo, au isafiri tupu kabisa. Na kwa vyovyote vile iweke mfukoni ncha ikitazama juu, ili hewa inayotanuka itoke yenyewe bila kusukuma wino.

Ukiamua kuituma kwa basi kwenda kwa fundi wa mbali, isiende na wino. Ifunge kwa sponji, iingize kwenye kipande cha bomba gumu la plastiki kilichozibwa pande zote mbili, na uambatanishe karatasi yenye maelezo kama haya uliyoniandikia, pamoja na sentensi moja inayosema kwamba nibu ilishawahi kushikwa kwa plaizi. Ikirudi, tumia wino wa kalamu za wino tu, kama Quink ya Parker yenyewe, na usitie kamwe wino wa kuchorea, ambao ukikauka ndani ya yale mapezi hautoki kwa maji. Fundi akishairudisha pua kwa shelaki, isubiri siku moja kabla ya kuijaza, na uianze kwenye karatasi laini, mkono ukiwa mwepesi.