Jibu: Nimekwama Mambo ya Walawi, nifanyeje?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu. Umesema unasoma Biblia toka mwanzo: Mwanzo na Kutoka zilikwenda vizuri, ukakwama Walawi, na uliporukia manabii ukaona habari zinarudi nyuma.

Kwanza angalia ukurasa wa yaliyomo: vitabu vimepangwa zaidi kwa aina kuliko kwa miaka. Walawi iache kwa sasa, utairudia. Fuata vitabu vinavyosimulia: Hesabu (ruka orodha za majina), Yoshua, Waamuzi, Samweli, Wafalme, Ezra, Nehemia, kisha Luka na Matendo. Ila kabla ya yote soma Matendo 7. Stefano anasimulia toka Abrahamu hadi Sulemani kwa sura moja tu! Vijana ninaowafundisha huwa naanza nao hapo, na maswali hupungua sana.

Manabii ndio wanaochanganya wengi. Shika matukio matatu: Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, kuanguka mwaka 722 KK (2 Wafalme 17), Yerusalemu kuchomwa 586 KK (2 Wafalme 25), na Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu Wayahudi kurudi toka uhamishoni Babeli 538 KK (Ezra 1). Halafu kila nabii jiulize yuko kabla au baada ya lipi. Amosi na Hosea wanaionya Samaria ingali imesimama. Yeremia yumo Yerusalemu inapozingirwa, huku Ezekieli ameshapelekwa Babeli. Hagai na Zekaria wanawahimiza waliorudi wajenge hekalu. Ezra 5 inawataja kwa majina.

Zaburi soma wakati wowote.

Ukikwama tena, andika hapa sura na mstari, tuisome pamoja.