Walinigeuza stika nikiwa fomu thrii

Juzi usiku nimepokea meseji inboksi ya binti wa kidato cha pili, anasema dada shule zinafunguliwa Jumatatu na mimi siendi, wamenitengenezea stika ya WhatsApp. Nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji. Maana meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi, Januari 2020.

Desemba ile dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na sendofu. Nikavaa gauni la kuazima, zipu ikagoma katikati ya mgongo, mama akanibana na pini nne akanitupia mtandio juu. Kwenye kucheza mtandio ukateleza, mtu akapiga picha kwa nyuma. Asubuhi nafungua group la darasa nakuta mgongo wangu umekatwa vizuri kabisa, umekuwa stika, chini imeandikwa "Mama Pini". Meseji mia mbili na kitu na hakuna hata mmoja aliyesema jamani acheni, hata yule niliyekuwa nakaa naye dawati moja yeye kaweka emoji za kucheka mpaka machozi. Shule zilipofunguliwa wavulana wawili walikuja na pini kwenye kola.

Mama akasema zima hiyo simu. Nikazima wiki nzima. Sasa stika haikuwa kwenye simu yangu, ilikuwa kwenye simu za darasa zima, nazima yangu zao zinawaka.

Na leo niseme kitu sijawahi kukiandika hapa, miezi mitatu kabla ya hapo mimi mwenyewe nilifowadi stika ya msichana mwingine, ya meno yake, na nilicheka. Mpaka leo sijamwomba msamaha, namba yake sina.

Haya, mdogo wangu, na wengine mnaopitia haya: usifute. Mimi kwa hasira nilifuta kila kitu, nilipopata ujasiri wa kwenda kwa mwalimu wa malezi akauliza ushahidi uko wapi, sina hata kimoja. Piga skrinishoti, namba na tarehe zionekane, halafu ndio ulefti group. Usifute jamani narudia tena. Kama nyumbani hakusemeki piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto. Na nyie mnaotengeneza hizo stika mkidhani ni utani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania inautaja unyanyasaji wa mtandaoni, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote.

Wazazi nao, mtoto akija analia usianze na "ndio maana nilikataa usipewe simu". Ukishasema hivyo mara moja hakuambii kitu tena, ataenda kulia chooni kama mimi. Na memba mnaokaa kimya kwenye group, nyie ndio mlioniuma kuliko hata aliyepiga picha.

Mimi leo nina cherehani tatu Tandika, nashona magauni ya sendofu na zipu zangu haziachii, ulizeni. Mwezi uliopita aliyeitengeneza ile stika kanitumia meseji, "hongera mamy, nataka unishonee gauni la sendofu yangu". Habari za pini hakuzigusa. Nikakaa nayo siku mbili bila kujibu. Halafu nikamtumia bei, ileile ya watu wote, advansi nusu kabla ya kupimwa.