Aliyekosewa ndiye aliyebisha hodi

Dada, umeuliza: kama sisi ndio tuliomkosea Mungu, mbona Biblia yasema yeye ndiye aliyetupatanisha? Kwetu mkosaji ndiye hutafuta wazee akaenda kuomba radhi.

Hapo hapo ndipo penye utamu wenyewe. Soma 2 Wakorintho 5:18-20 polepole. Paulo hasemi popote kwamba Mungu alipatanishwa nasi. Mtendaji ni Mungu, wanaopatanishwa ni sisi, na Warumi 5:10 yasema ilikuwa tungali adui zake. Kitenzi cha Kigiriki, katallasso, ndicho kile kile alichokitumia katika 1 Wakorintho 7:11 kwa mke kupatana na mumewe. Kwa hiyo ni neno la nyumbani kabisa.

Nyanya yangu huku Likoni alitukanwa na jirani, wakakaa miezi hawasemezani. Asubuhi moja nikamwona anafunika bakuli la mbaazi za nazi na mahamri kwa kitambaa, akavuka ua, akapiga hodi yeye. Jirani alisimama kitambo, mkono kwenye komeo, machozi yanamlenga.

Lakini tusiurahisishe msalaba. Lile bakuli halikuwa na gharama kubwa. Mungu ilimgharimu Mwanawe. Mstari wa 19 wa ile 2 Wakorintho 5 wasema hakuwahesabia watu makosa yao, na wa 21 waonyesha ni nani aliyeyabeba. Halafu rudi kwenye wa 20, uone Paulo anavyowasihi watu wapatanishwe. Mungu ameshakuja mlangoni, dada yangu, na bado anangoja komeo litolewe kwa ndani.