Kupimwa PCOS: picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi

Wanawake wengi wenye PCOS (polycystic ovary syndrome), hitilafu ya homoni inayovuruga hedhi na upevukaji wa mayai, huishi na dalili zake kwa miaka mingi kabla ya kusikia jina lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui kuwa wanayo. Sishangai. Mimi nilianza kukaa miezi bila kuona siku zangu nikiwa bado sekondari, kisha zikafuata chunusi zisizosikia dawa na nywele za kidevuni, na kila nilipolalamika shangazi yangu alinijibu kwa upole, "Mwanangu, ukizaa yote yataisha." Alisema kwa nia njema, lakini jibu hilo huwachelewesha wasichana wengi kwenda kupimwa.

Nilipoamua kwenda hospitali, nilipigwa ultrasaundi, nikaambiwa kwamba ovari zangu zina vimbe vingi vidogo, nikaandikiwa dawa za kushika mimba ambazo sikuwa nimeziomba. Hakuna aliyeniuliza hedhi yangu hukawia kwa muda gani, wala aliyenitoa damu. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko yote: picha peke yake haithibitishi PCOS. Vile vinavyoonekana si uvimbe wa kukatwa, bali ni vifuko vidogo vyenye mayai ambayo hayakupevuka hadi mwisho, na mwanamke mwenye afya njema, hasa aliye kijana, anaweza kuwa navyo vingi bila ugonjwa wowote.

Vigezo ambavyo madaktari wanavitumia hadi leo, vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 na kuboreshwa baadaye, vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio kwa sababu yai halipevuki kwa wakati wake, homoni za kiume kuzidi, jambo linaloonekana kwenye ngozi na nywele au kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi. Kwa hiyo mwanamke mzima ambaye hedhi yake imevurugika na ana nywele nyingi za usoni na kifuani anaweza kuthibitishwa hata bila ultrasaundi. Kwa binti ambaye haijapita miaka 8 tangu avunje ungo, mwongozo wa kimataifa unashauri picha hiyo isitumike kabisa kumthibitisha, kwa kuwa ovari za umri huo huonekana hivyo kwa kawaida.

Daktari wa pili niliyemwona, ambaye ni bingwa wa magonjwa ya wanawake, alianza na kalamu kabla ya mashine. Alitaka tarehe. Kwa mtu mzima, mzunguko unaopungua siku 21 au kuzidi 35, au hedhi zisizofika 8 kwa mwaka, ni dalili ya kufuatiliwa, na daftari lenye tarehe za miezi kadhaa lina nguvu kuliko maelezo ya "huwa inachelewachelewa." Mweleze pia kuhusu nywele unazonyoa au kung'oa, kwa maana sisi tuliozoea kujiweka sawa kabla ya kutoka nyumbani humfikia daktari tukiwa na kidevu laini, naye huandika kwamba hakuna kitu. Kama unatumia vidonge vya majira au sindano ya uzazi wa mpango, sema mapema, kwa sababu vidonge hubadilisha majibu ya homoni na sindano yenyewe inaweza kuzuia hedhi. Lakini usiache chochote kabla ya kupanga naye njia nyingine ya kujikinga.

Kisha kuna vipimo vya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana na haya. Kipimo cha ujauzito hutangulia, hata kama una hakika kwamba huna mimba. Hufuata tezi ya thairoidi na homoni ya prolaktini, maana hitilafu ya kimojawapo inaweza kusimamisha hedhi na tiba yake ni tofauti kabisa. Baadhi hupimwa pia homoni za tezi za adrenali. Vipimo hivi ni ghali kwa anayelipa taslimu, nami naona si aibu kumwuliza daktari kipi kifanyike kwanza na kipi kinaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Kipimo ambacho nisingekubali kikose ni cha sukari. Katika PCOS mwili mara nyingi hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kongosho huzidi kuitoa, na insulini hiyo nyingi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Kipimo bora ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuwa sawa na tatizo likapita. Wembamba haukuondolei haja ya kupima. Na ule weusi wa shingoni na makwapani, ambao wengi wetu tumeusugua kwa dodoki hadi ngozi ikachubuka tukidhani ni uchafu, mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi.

Hata usiyetafuta mtoto, usikae zaidi ya miezi mitatu bila hedhi ukaona ni nafuu ya kutonunua pedi. Ukuta wa ndani wa kizazi huendelea kunenepa, na kwa miaka mingi hali hiyo huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Daktari anaweza kukupa vidonge vya homoni vya kuuteremsha. Zile dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mitandaoni hazifanyi kazi hiyo, na muuzaji hakupimi chochote kabla ya kukutumia chupa.

Kuhusu uzazi, PCOS si utasa. Wengi hushika mimba, wengine kwa msaada wa dawa ya letrozoli ambayo hupevusha yai, na wapo wanaoshika bila kutarajia kwa kuamini kwamba hawawezi. Wifi au mama mkwe akiuliza, una haki ya kumjibu kwamba uko chini ya uangalizi wa daktari, ukaishia hapo.

Kabla ya kuondoka omba nakala ya majibu yote pamoja na maelezo ya picha, uzihifadhi, kwa kuwa kipimo cha sukari kinapaswa kurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3 na shinikizo la damu kila mwaka, na daktari utakayemkuta wakati huo huenda akawa mwingine.