Mzee aliyekuwa tabibu vitani: muulize kazi, usimuulize vita

Baba yangu mkubwa alikuwa upande wa tiba jeshini wakati wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Kila nikimuuliza habari za vita, jibu ni lile lile: "Mimi sikupigana bwana, nilikuwa nafunga watu vidonda." Mazungumzo yanaishia hapo, wajukuu wanarudi kwenye simu zao.

Kama nawe una mzee wa namna hiyo, achana na "uliua wangapi" na "Amin alikimbiaje". Hayo yamesimuliwa hadi yamechosha. Muulize kazi. Majeruhi mlimvushaje Mto Kagera, na daraja la Kyaka lilishalipuliwa? Malaria mlitibu na nini? Machela inabebwaje?

Hilo la machela ndilo lililomwinua kwenye kiti. Kwenye tambarare miguu ya majeruhi hutangulia. Mkipanda mlima, kichwa. Halafu akachana khanga kuukuu, akanifunga juu ya kiwiko, akapitisha mwiko kwenye fundo na kuuzungusha mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. "Saa ngapi sasa?" Nikamtajia. "Iandike hapo kwenye paji la uso, tabibu wa huko nyuma ajue mkono umebanwa tangu lini." Jioni hiyo masimulizi yake yalifika Mutukula, Masaka na Lukaya, kulikopiganwa Uganda, bila mimi kumsukuma.

Akikwama, anzia hapa hapa Mwanza. Machi 1979 ndege ya Libya ililenga matangi ya mafuta mjini, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Hakuna mzee wa Kirumba asiye na neno kuhusu wale swala (na wote, ajabu, walikuwa karibu).

Usiende tarehe 25 Julai. Siku ya Mashujaa mawazo yake yako Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita ile mkoani Kagera. Na siku yoyote akinyamaza katikati, nyamaza nawe, kisha uliza bei ya dagaa soko la Mwaloni.

Rekodi kwa simu, ila mwombe ruhusa kwanza. Karatasi zake za jeshi zipige picha pande zote mbili, maana nyuma mara nyingi kuna maandishi ya kalamu. Akitaja majina ya majeruhi, yaache nyumbani. Kuna familia ambazo mpaka leo hazijui kijana wao alikufaje, na kundi la WhatsApp la ukoo si mahali pa kuwapasha habari hiyo.